Huku Japani Hodi Ni Usumbufu

Msomaji wangu wa Kashaulili, Majengo, Makanyagio na kwingineko, nakuandikia kutoka Kyoto. Wiki hii nataka tuulizane jambo moja dogo tu: hivi hodi ni adabu au ni usumbufu? Usicheke. Huku niliko swali hilo linaweza kuondoka na roho ya mtu.

Ila kwanza niseme kwa nini mimi, mtoto wa Mpanda, nimejipa kazi ya kuwachungulia Wajapani. Nalipa deni tu, wao ndio walioanza. Mwaka 1965 mtafiti Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi Kasoje, chini ya milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, upande ambao leo ni Wilaya ya Uvinza. Alikuja kuwatazama sokwe. Yeye na wenzake wakawapa sokwe majina, wakawafuata porini na madaftari, wakaandika nani kala nini, nani kamkuna nani mgongo, nani kamnunia nani. Wengine wakahamia vijijini kwa Watongwe, ambao wapo mpaka huku kwetu Katavi, wakaandika wanavyolima, wanavyotibiana na wanavyogawana chakula na wageni. Mwaka 1985 Mahale ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na utafiti ule unaendelea mpaka leo.

Kwa hiyo hii ni zamu yetu. Mimi sina darubini wala fungu la chuo. Nina macho mawili, kadi ya basi na umbeya wa kuzaliwa.

Nimetazama, nimetazama, na kama ungenilazimisha nikueleze Japani kwa neno moja, nisingekutajia Toyota wala karate. Ningekupa neno "meiwaku". Maana yake ni usumbufu, kero, kumtia mwenzio taabu. Mtoto wa Kijapani huanza kulisikia kabla hajajua kufunga kamba za viatu: usipige kelele, ni meiwaku, usikimbie dukani, ni meiwaku, usisimame njiani, ni meiwaku. Kwetu mtoto anafundishwa "shikamoo". Kwao anafundishwa kutomsumbua mtu. Ukilijua neno hilo, mambo mengi ya huku yanafunguka yenyewe kama mlango wa benki.

Chukua treni. Asubuhi watu wamejaa mpaka unapumua kwa zamu, lakini behewa zima kimya, unaweza kudhani ndani kuna maiti. Simu zote zimezimwa sauti. Tangazo linakuomba usizungumze na simu, na kweli watu hawazungumzi. Ikimpata mtu simu ya lazima, anafunika mdomo kwa kiganja, ananong'ona neno moja, anakata, na uso umemwiva kwa aibu. Hebu fikiria treni yetu ya Mpanda, ile inayopita Kaliua kwenda Tabora. Kabla hujafika Kaliua, kama kilomita 210 hivi, umeshajua jirani yako anakwenda kumwona nani, mahari imebaki kiasi gani na shemeji yake ana matatizo gani. Umeshakula na muhogo wake.

Halafu saa! Treni yao ya kasi ilianza mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na siku hizi unakwenda kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Ikichelewa dakika chache tu, sauti ya kuomba radhi inatoka kwenye spika. Treni za mjini zikichelewa, abiria anapewa kikaratasi cha uthibitisho akamwonyeshe bosi au mwalimu. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya treni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka kituoni sekunde 20 kabla ya wakati. Sekunde 20, jamani! Kwetu hizo ni za kumwambia konda "subiri kidogo, mama anakuja". Lakini kwa Mjapani, ukiondoka mapema umemsumbua aliyekuja kwa wakati. Ni meiwaku.

Njoo kwenye taka. Kyoto huwezi kuzoa uchafu wako ukatupa korongoni usiku ukijifanya unakwenda kununua vocha. Taka za kuchomwa zina mfuko wake wa rangi ya njano, unauzwa dukani, tena wa jiji lenyewe. Chupa na makopo vina mfuko mwingine na siku yake. Plastiki nazo zina siku yake. Unatoa asubuhi, unafunika na neti ili kunguru wasichakure. Ukikosea siku, gari la taka linakuachia mfuko wako hapo hapo na karatasi imebandikwa kama hati ya mashtaka. Hakuna mgambo na hakuna faini ya papo kwa papo. Kuna mabibi wawili watatu wanaopita na mafagio yao, wanautazama mfuko, wanakutazama wewe, wanainamisha kichwa, wanakwenda zao. Afadhali mgambo.

Na pochi? Ndiyo, ile hadithi mnayoisikia vijiweni ni kweli. Ukidondosha pochi una bahati kubwa ya kuikuta kwenye kibanda cha polisi, na hela zako zipo. Ila tusiwafanye malaika. Kuna sheria nyuma yake. Aliyeokota anaipeleka polisi, na mwenye mali akijitokeza inampasa amtunuku muokotaji kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani. Ikipita miezi mitatu bila mwenyewe kuonekana, kwa kawaida mali inakuwa ya aliyeokota. Zamani ilikuwa miezi sita, wakapunguza. Kwa hiyo uaminifu wao una mizizi, tena una mbolea. Na hao hao wasiogusa pochi, mwamvuli wanaiba! Uache mwamvuli mlangoni mwa duka siku ya mvua, utoke uone. Baiskeli nayo ukiisahau bila kufuli, imekwenda. Binadamu ni binadamu tu, washikaji.

Kwenye lugha ndiko utakakovunjika mbavu. Kijapani na Kiswahili vinafanana kwa kutamka, silabi zote laini, kwa hiyo maneno yanagongana kama pikipiki za Buzogwe siku ya soko. Kwao "uma" ni farasi. "Saba" ni samaki, tena mtamu akichomwa. "Baba" ni bibi kizee, na hawasemi kwa heshima. Kuna na jiji moja kubwa kule kisiwa cha Kyushu ambalo jina lake mhariri hawezi kuliruhusu hapa. Mwenye ramani alitafute mwenyewe, watoto wakishalala. Na "mimi" ni sikio. Sasa Mswahili akianza kujieleza, "mimi... mimi... mimi...", Mjapani anaona kiumbe chenye masikio matatu.

Na kwa kweli huku sikio lina kazi. Nyumba za kupanga zina kuta nyembamba. Jirani akipiga chafya unataka kumwambia "afya". Kwa hiyo watu wanaishi kwa kunyata. Redio chini. Viatu nje. Mashine ya kufulia usiiwashe usiku. Na hodi, msomaji wangu, hakuna. Anayegonga mlango ni mtu wa kuleta mzigo au fundi wa gesi, basi. Mtu mwingine yeyote anatuma ujumbe kwanza, anaomba siku, anapewa siku, halafu anaomba radhi kwa kuja siku hiyo aliyopewa.

Mtaa wetu una kitu kinachonikumbusha enzi za balozi wa nyumba kumi. Kuna faili la matangazo linalozunguka nyumba kwa nyumba: lini kufagia mfereji, lini mazoezi ya tetemeko la ardhi, lini sherehe ya watoto. Ukishasoma unagonga muhuri wako au unatia alama, unalipeleka kwa jirani anayefuata. Nikasema, haya sasa, ndiyo nafasi ya kufahamiana! Kumbe wapi. Faili linatundikwa kwenye kitasa cha mlango na mtu anaondoka kimya kimya kama mwizi wa kuku. Mwaka mzima faili limetoka kwa jirani kuja kwangu, na mimi na jirani hatujasemezana zaidi ya "habari za asubuhi".

Jirani mwenyewe ni mzee wa miaka themanini na kitu. Mkewe alishafariki. Kila asubuhi gazeti lake linachomekwa mlangoni, na kabla ya saa moja limeshavutwa ndani. Nimelizoea kama nilivyozoea adhana ya alfajiri kule nyumbani.

Sasa Agosti ya Kyoto usiombe. Mji uko bondeni, milima imeuzunguka, hewa haiendi wala hairudi. Joto linapanda mpaka digrii 38, na usiku halishuki kitu. Sisi watoto wa Katavi tunajua jua la Oktoba, lakini letu kavu. Hili la huku linakuvaa kama blanketi lililolowa. Kila mwaka linaua, na wengi wanaokufa ni wazee, majumbani mwao, kipoza hewa kipo ukutani lakini kimezimwa. Wengine wanaogopa bili ya umeme. Wengine hawasikii tena kiu wala joto kama zamani.

Siku hiyo nikatoka nikakuta gazeti la mzee bado liko mlangoni. Nikaenda kwenye shughuli zangu. Jioni nikarudi, lipo. Asubuhi yake yakawa mawili.

Nikamuuliza Mjapani mmoja wa ghorofani, kijana mstaarabu sana, nifanyeje. Akafikiri. Akaniambia labda mzee amesafiri. Labda tumpigie simu mwenye nyumba kesho, ofisi ikifunguliwa. Kugonga, akasema, huenda tukamsumbua. Kijana yule hana roho mbaya hata kidogo. Ndiye aliyenionyesha siku za taka. Ila neno lile alilofundishwa kabla ya kamba za viatu lilikuwa limemkaba koo.

Mimi nimekulia Kashaulili. Kwetu moshi wa jiko la jirani usipoonekana mpaka saa nne, kuna mama atapita na bakuli kuomba chumvi asiyoihitaji. Nikagonga. Nikagonga tena. Nikaita "hodi" kwa Kiswahili kabisa, maana Kijapani chenyewe kilinitoroka. Ndani ikasikika sauti ndogo, kama mtu anayeburuta kitu. Mlango haukuwa na ufunguo. Mzee alikuwa chini, kati ya jikoni na chumbani, midomo imekauka, mwili unawaka moto. Kijana wa ghorofani akapiga 119, gari la wagonjwa likaja haraka, tena kwao haulipii hata senti. Wakambeba.

Alikaa hospitali siku tisa. Siku ya kumi nikasikia mlango wangu unagongwa. Kufungua, mzee yupo na shati la kupigwa pasi, ameshika boksi la keki limefungwa kwa karatasi ya maua. Akainama mpaka nikaogopa mgongo. Unajua alisema nini? Aliomba msamaha. Eti samahani sana kwa kukusumbua. Mtu kaponea chupuchupu kaburini, anakuja na keki kuomba radhi kwamba amenichosha!

Nikamkaribisha ndani. Akakataa mara tatu, ya nne akaingia. Tukanywa chai. Akaniambia kwamba siku ile ya kwanza, akiwa sakafuni, alisikia watu wanapita nje. Alisikia hata mimi nikifunga mlango wangu. Nikamuuliza kwa nini hakuita. Akasema alidhani nina haraka ya kazini.

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi, jamani.

Wajapani wana neno jingine linalokwenda na lile la kwanza, nalo ni "gaman". Ni kuvumilia, kumeza, kukaza meno bila kulalamika. Wenzetu wa Afrika Mashariki wamelijua kwa miguu yao. Douglas Wakiihuri, Mkenya, alikuja huku mwaka 1983 akiwa kijana, akafundishwa na kocha Kiyoshi Nakamura, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni kule Roma. Samuel Wanjiru aliletwa shule ya sekondari Sendai mwaka 2002, akiwa mtoto wa miaka 15. Mwaka 2008 akashinda marathoni ya Olimpiki Beijing, na mwenyewe alisema somo kubwa alilopata Japani ni hilo hilo la gaman. Kwenye kilomita ya 35, gaman ni dhahabu. Sakafuni peke yako mwezi Agosti, inaweza kuwa sanda.

Na mzee wangu si kioja. Polisi wa Japani walihesabu mwaka 2024 watu 76,020 waliokutwa wamekufa majumbani walikokuwa wakiishi peke yao. Zaidi ya robo tatu walikuwa na miaka 65 na kuendelea. Wengine walikutwa siku ile ile, wengine baada ya mwezi na zaidi. Serikali yenyewe imeshtuka. Mwaka 2021 ilimteua waziri wa kushughulikia upweke, na tangu Aprili 2024 kuna sheria kabisa ya kupambana na upweke. Soma tena: sheria! Nchi imeweza kuifikisha treni kwa sekunde, sasa inatunga sheria ili mtu amjulie hali jirani yake.

Najua kuna mtu hapo kijiweni ameshaanza kusema, "Si unaona, Wazungu weusi kwa weupe wote hawana utu." Kwanza Wajapani si Wazungu. Pili, utu wanao, tena mwingi. Kijana wa ghorofani alikwenda hospitali kumtazama mzee kila siku. Tatu, na sisi tusijipake mafuta. Hapo hapo Kashaulili kuna mgonjwa anashindwa kulala kwa sababu ya spika ya baa. Kuna bodaboda anayepiga honi saa kumi alfajiri akimwita abiria mmoja, mtaa mzima unaamka kusafiri. Kuna anayemwaga maji machafu mlangoni kwa mwenzie halafu anamsalimia. Hodi yetu nyingine si upendo, ni umbeya unaovaa kanga. Tungeazima meiwaku kidogo, ya kutosha kupunguza sauti ya redio na kutupa taka panapostahili, tusingekufa.

Ninachoogopa ni kwamba tunaazima upande usio wenyewe. Mpanda imekuwa mji mkubwa tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012. Nyumba mpya zinaota na kuta juu, vipande vya chupa juu ya kuta, na kibao cha "mbwa mkali" hata kama mbwa mwenyewe alishakufa. Vijana mmepanga chumba kimoja kimoja, visikizio masikioni kutwa, jirani wa mlango wa pili humjui jina. Mnasema ndiyo maisha ya mjini, kila mtu na lake. Sawa. Lakini kelele tumebaki nazo zote, na hodi ndiyo tunayoipunguza. Hapo tutakuwa tumepata hasara mbili kwa bei ya moja: hatutakuwa na utulivu wa Kyoto wala bakuli la chumvi la Kashaulili.

Siku hizi mimi na mzee tuna mpango wetu. Saa moja asubuhi gazeti likiwa bado mlangoni, nagonga mara mbili. Yeye ndani anajibu kwa kugonga ukuta mara mbili, hata kama yuko chooni. Hatujasumbuana, tumesalimiana. Ananiita "Tanzania-san", yaani Ndugu Tanzania, na neno "hodi" ameshalishika, ingawa analitamka utadhani anaita paka.

Haya, nafasi imekwisha. Wiki ijayo nitawapeleka kwenye bafu la mtaa, ambako bosi na tarishi, babu na mjukuu, wote wanaoga pamoja kama walivyozaliwa, na ole wako uingie na nguo. Kaeni mkao wa kula.